Mhariri wa Chambo

Jina lake silitaji. Yu hai, ana kazi yake na watu wake, na akiona nimemwandika kwa jina atafanya vile alivyokuwa akifanya zamani kila akisifiwa: atanyanyuka, atatoka nje, na hatarudi mpaka mazungumzo yamebadilika. Nitamwita Mhariri. Hata walimu walimwita hivyo, na wapo waliomaliza shule pamoja nasi bila kulijua jina alilopewa na mama yake.

Nilikaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza mpaka cha nne, pale shuleni kwetu Tanga mjini. Kwa nini mwalimu wa darasa alituweka pamoja, sijui mpaka leo. Mimi nilikuwa domo kaya. Yeye alikuwa haongei. Majina yakiitwa asubuhi sote tunaitika, yeye ananyanyua kidole, na kama mwalimu hakuinua macho basi anaandikwa hayupo. Ikawa mimi ndiye ninayemwitikia. Akiulizwa swali, jibu analijua, ila analiandika pembeni ya daftari, analisogeza kwangu, nalisoma mimi kwa sauti. Kwa muda mrefu walimu walidhani mimi ndiye mwenye akili, nami sikuona haja ya kuwasumbua.

Aibu ya watu wengine hutulia. Mtu ana haya yake, anakaa pembeni, yamekwisha. Yake ilikuwa haitulii. Mguu unatikisika chini ya dawati mpaka mwandiko wangu unapinda. Anatafuna pindo la mtandio. Akitaka kumwomba mtu kitu huanza kwa kuzunguka. Anakwenda mpaka mlangoni, anarudi, anakwenda tena, hadi yule mtu anachoka na kumuuliza ana nini. Mimi alinichosha sana. Nilikuwa nikimwambia, wee shoga, keti, unanitia kizunguzungu. Anakaa. Halafu mguu unaanza.

Sokoni ndiyo usiseme. Aliishi Chumbageni kwa kaka yake mkubwa, mama yao akiwa amebaki Moa, kule karibu na mpaka wa Kenya. Kaka akimtuma samaki, kwanza ananipitia mimi nikamsemee. Mimi nagombana na mchuuzi, namwambia samaki wake amelala, yeye amesimama nyuma yangu anaona aibu kwa niaba ya watu wote watatu, na samaki pia.

Gazeti letu lilikuwa la ukutani. Karatasi za manila, kalamu nene za rangi, gundi ya unga wa muhogo tuliyoipika wenyewe, na ubao mrefu kando ya tangi la maji, mahali ambapo kila mtu hana budi kupita. Liliitwa Chambo. Lilibandikwa Ijumaa asubuhi, kwa sababu Ijumaa vipindi hukatwa mapema watu waende msikitini, na aliyetoka mapema ana nafasi ya kusimama akasoma. Mwalimu wa Kiswahili alipotafuta mhariri, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Akamchagua yeye. Nilinuna juma zima. Mimi nikapewa kazi ya kuwasomea watu kwa sauti, maana wadogo wa kidato cha kwanza walikuwa hawaoni juu.

Alihariri kwa kutembea. Manila imetandazwa sakafuni katika darasa tupu, yeye anaizunguka na rula mkononi. Hakusema hii mbaya, hii nzuri. Aliweka rula juu ya sentensi, akangoja. Unaisoma tena, unajitetea, unaapa, rula haiondoki. Mwisho unaifuta mwenyewe. Wavulana waliiogopa rula ile kuliko fimbo ya mwalimu wa nidhamu, na haikumgusa mtu hata siku moja.

Neno "inasemekana" alilichukia. Ukiliandika, atakuuliza kwa sauti ya chini kabisa: nani kasema? Ukisema watu, atauliza watu gani. Ukimjibu kwa ukali ananyamaza na kuinamisha kichwa, unadhani umeshinda, kumbe rula ipo palepale.

Ijumaa yenyewe alikuwa hayupo. Chambo likibandikwa anajificha nyuma, kwenye bustani ya mchicha, huku mimi nasoma na watu wamejaa. Baadaye ananifuata. Hakuniuliza kama wamelipenda. Aliuliza wamecheka wapi, na wapi wamenyamaza. Nikimwambia, anarudi kuzunguka.

Usimdhanie mnyonge lakini. Aliwahi kuandika kwamba choo cha wasichana hakina mlango. Mwalimu mkuu akaagiza habari iondolewe. Ikaondolewa. Ijumaa iliyofuata habari ikarudi, maneno yaleyale, mwandiko uleule. Ikaondolewa tena. Ikarudi. Alipoitwa ofisini hakutoa hoja hata moja, alisimama tu anatafuna mtandio, na Ijumaa ikarudi. Fundi alikuja akatia mlango, nadhani kwa sababu mkuu alichoka kuona neno choo ukutani kwake.

Sasa nieleze siku aliyosema.

Shuleni kulikuwa na mzee aliyepiga kengele, sote tukimwita Babu. Juma moja hakuonekana kazini, tukaambiwa ana homa. Hakuna aliyekwenda kumwangalia. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda. Alhamisi jioni mwandishi wetu wa michezo, kijana wa Mabawa, akasikia tangazo la msiba kwenye kipaza sauti cha msikiti. Jina ni la Babu, mtaa ni wa Babu. Mbio mpaka Chumbageni kwa Mhariri. Kwa mara ya kwanza Mhariri hakuuliza nani kasema, maana msikiti umesema. Akaandika tanzia. Aliiandika kwenye manila ya peke yake, akaizungushia mstari mweusi, na ni maandishi mazuri kuliko yote aliyowahi kuandika. Kumbe aliyekufa alikuwa mzee mwingine, jina lilelile, mtaa uleule.

Mwalimu mkuu alikuwa mgeni, mtu wa milimani, Mlutheri, na alikuwa na hofu moja kubwa: kuambiwa hajui mambo ya pwani. Alishasikia kwamba kwetu maiti haicheleweshwi, na kwamba kukosa mazikoni ni aibu isiyofutika. Basi aliposoma tanzia hakupiga simu wala hakuuliza. Alisimamisha vipindi. Wavulana wakavaa kofia, wasichana tukashusha mitandio, walimu mbele, tukatembea mpaka Mabawa. Mhariri akapewa tanzia aiviringishe aibebe, amkabidhi mjane.

Babu alikuwa amekaa barazani kwake, ameegemea ukuta, anakunywa uji.

Wa mbele wakasimama ghafla, wa nyuma wakawasukuma. Na hapa ndipo kosa lilipogeuka kuwa kubwa zaidi. Kwetu mtu hapewi habari ya msiba hivi hivi. Anafichwa. Watu hukusanywa kwanza, majirani huanza kuzagaa uani, na mwenyewe huambiwa kwamba mgonjwa amezidiwa kidogo. Anapokuja kuambiwa kweli, mikono ya kumshika iko tayari. Kila mtu mzima ameshafichwa, na kila mtu mzima ameshaficha. Kwa hiyo Babu alipoona walimu na wanafunzi, vichwa vimefunikwa, macho chini, wamesimama mbele ya nyumba yake kimya, hakuwaza kuwa tumekosea. Aliwafikiria watu wake. Mkewe yuko jikoni, anamsikia. Aliyebaki ni mwanawe wa pekee, dereva wa lori, aliyeondoka kwenda Mombasa.

Mwalimu mkuu akaamkia, shikamoo mzee, akasema hakuna tatizo lolote, wamekuja kumtazama tu. Maneno hayo hayo ndiyo husemwa. Mke wa Babu akatokeza mlangoni na upawa mkononi, akatuona, upawa ukaanguka, akapiga ukelele. Majirani waliposikia wakatoka na kanga zao, na kila aliyetoka akawa ushahidi mwingine. Simu ya yule dereva ikapigwa. Haipatikani.

Walimu wakaanza kunong'onezana. Walichokubaliana ni kimoja: mzee asiambiwe. Kumwambia mgonjwa kuwa ameshatangazwa maiti ni uchuro, ni kumwitia kifo. Basi wakazidi kumwambia hakuna kitu, na yeye akazidi kuelewa kipo. Akaliweka bakuli la uji chini.

"Msinifiche," alisema. "Nimezika wengi, nawajua watu waliokuja kuficha. Mwanangu amefia wapi?"

Nilimtazama Mhariri. Akanitazama naye, mara moja, nami nikajiandaa kusema kwa niaba yake kama kawaida, japo sikujua niseme nini. Akanipita. Akawapita walimu. Akaenda kukaa chini, kwenye sakafu ya baraza, mbele ya miguu ya Babu.

"Shikamoo Babu. Mwanao mzima. Tuliyemwandika gazetini kuwa amekufa ni wewe, na aliyeandika ni mimi."

Babu akasema mtoto ametumwa amdanganye. Basi Mhariri akaikunjua manila, akaisoma. Yule asiyeitikia jina lake alisoma mbele ya mtaa mzima, kwa sauti ndogo, pindo la mtandio limelowa mate. Alisoma jina, alisoma mtaa, alisoma kwamba shule nzima iliingia darasani, ilikula na ilikwenda nyumbani kwa mkono wa mzee huyu, na kwamba katika miaka yake yote kengele haikuchelewa ila siku moja, siku ya mvua kubwa. Hapo Babu akainua mkono.

"Siku ile sikuchelewa," alisema. "Saa ya ofisini ndiyo ilikuwa mbele."

"Nitasahihisha, Babu."

"Sahihisha. Halafu anza tena, toka juu."

Akaanza tena. Mama alikuwa ameshakaa kizingitini anajifuta uso, majirani wamesogea, na mwalimu mkuu amevua miwani anaitazama tu. Nilitamani kucheka na kulia, nikafanya vyote. Kijana wa lori alipiga simu mchana, mzima wa afya, anauliza kwa nini ametafutwa vile. Manila yenyewe Babu alikataa kuirudisha. Akaitundika sebuleni, na miaka mingi baadaye mgeni akienda kwake huonyeshwa kifo chake kwanza, chai baadaye.

Lakini mwalimu mkuu alikuwa ameaibika mbele ya Mabawa yote, na Jumatatu alilifunga Chambo, akachukua na rula. Karatasi zikabanduliwa, ubao ukabaki na alama za gundi tu. Akataka kujua nani aliyeleta habari. Yule kijana wa michezo alikuwa amesimama karibu yangu. Mhariri alisema gazeti lina mhariri mmoja, na ni yeye. Akafagia uwanja mwezi mzima peke yake, na jina la kijana halikutoka kinywani mwake.

Mimi nilichoogopa ni kingine. Asubuhi majina yanaitwa, kidole kile kikainuka tena. Hali chakula, hasemi, hata zile barua za pembeni mwa daftari zimekatika. Saa ya mapumziko anakwenda kuzunguka ubao mtupu, anaugusa, anarudi. Nilimwona anafutika mbele yangu, na nikajua bila Chambo atamaliza shule ile na hakuna atakayekumbuka kuwa alikuwepo. Siku hizo nilimpenda kweli, na nilikuwa sijui namna ya kumsaidia.

Ijumaa moja vipindi vimekatwa, watu wanakunywa maji tangini, nikamwona amesimama chini ya ubao. Mikono nyuma. Akaanza kusema. Sikuamini.

"Masahihisho," alisema. "Gazeti hili liliandika kwamba Babu amefariki. Si kweli. Liliandika pia kwamba siku ya mvua alichelewa. Hakuchelewa, saa ya ofisini ilikuwa mbele. Mhariri anaomba radhi."

Akaondoka. Ijumaa iliyofuata akarudi, na safari hii akaongeza habari: nani kashinda riadha, bomba lipi limepasuka, mwalimu gani amejifungua. Hakuna karatasi, analisema gazeti zima kwa kichwa. Sauti inakatika, anasimama, anameza mate, anaendelea. Mara ya kwanza wachache walicheka. Halafu wakaanza kungoja. Ikawa Ijumaa shule nzima imejaa tangini, kimya, kwa sababu ukikohoa hutamsikia. Nami msomaji wa gazeti nikawa sina kazi.

Dirisha la mwalimu mkuu lilikuwa juu ya tangi lile. Alivumilia muda kidogo, kisha akamwita, akamrudishia ubao na rula yake. Alisema afadhali alisome gazeti kuliko kulisikia.

Toka hapo masahihisho yalikaa juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko habari yoyote. Watu walikuwa wakikimbilia kuyasoma kwanza, na tulishindana kumkamata Mhariri na kosa. Mwaka uliofuata tulimchagua dada mkuu. Aliendesha vikao kama alivyohariri, amesimama, havichukui muda. Kitu alichokuwa hachoki kuuliza ni habari za mtu asiyeonekana: fulani hayupo, nani amekwenda kumwangalia? Ukisema nadhani fulani amekwenda, unatumwa wewe.

Sitaki kumfanya malaika. Kule kusema kweli kulimwingia mpaka kukawa ugonjwa. Aliniambia mchumba wangu wa kwanza ni mwongo, wakati mimi nimeshashona nguo. Hakulainisha, hakuzunguka, alinitazama usoni akanitolea uvivu. Tulinuniana mwaka mzima. Ilikuwa kweli tupu, na mpaka leo sijapenda alivyoniambia.

Yeye akaenda ualimu, mimi nikafungua duka la fotokopi Mabawa. Baadaye akarudi kwao Moa, akawa mkuu wa shule ya sekondari huko, na kila aliyepita alinihadithia kuhusu mwalimu mkuu asiyeketi. Mama yake alipoanza kuumwa aliletwa Chumbageni kwa kaka, karibu na hospitali, nami nikawa napita kumsalimu kila nikifunga duka. Mama aliuliza habari za binti yake kama vile sisi sote tuko bado dawati moja.

Mwaka huu, asubuhi moja, nilikuwa kando ya kitanda cha mama alipokata roho, mara baada ya swala ya alfajiri. Kaka yake Mhariri alitoka uani akakaa juu ya ndoo. Maziko ni alasiri, na Mhariri yuko Moa. Akaniomba nimfuate kwa gari la jirani, maana simu haifai, na mtu hasafiri peke yake na habari kama ile. Akanishika mkono. Mwambie mama amezidiwa kidogo anamwita, alisema, usimwambie zaidi. Mengine atamwambia yeye, kaka mtu.

Njia nzima nilifanya mazoezi. Mama anakuita. Mama anakuulizia. Mama leo hakuamka vizuri. Nilishuka pale shuleni nikiwa nimeshika uongo wangu wote, tena umepangwa vizuri. Walikuwa na kikao cha wazazi. Mhariri amesimama mbele, anatembea na maneno yake, wazazi wanabishana, anawangoja. Akaniona mlangoni. Akanyamaza katikati ya sentensi, akaja.

"Umekuja kunifuata," alisema.

"Mama anakuita."

Alinitazama. Nilitazama viatu vyake, nikatazama ukuta. Mimi niliyemwitikia jina, niliyegombana na wachuuzi kwa ajili yake, sikupata neno hata moja la kuongeza.

"Yu hai?"

"Hapana," nikasema. "Amefariki alfajiri. Nilikuwepo. Hakuteseka."

Alifumba macho. Nikamshika mabega. Kisha akageuka, akawaambia wazazi mwenyewe: amefiwa na mama yake, anawaomba radhi, makamu ataendelea na kikao. Hakuna aliyetaka kuendelea. Wanawake walinyanyuka wakamzunguka, na mzee mmoja akaanza kusoma Fatiha.

Tulikuwa tumeshaingia barabara kubwa simu yake ilipolia. Kaka. Gari lilikuwa kimya, nikamsikia vizuri. Alikuwa anajikaza. Alisema asiwe na wasiwasi, mama amezidiwa kidogo tu, daktari yupo, aje taratibu. Nilikaa nikingoja. Namjua Mhariri, nilishaona mdomo wake ukifunguka vile siku ya mchumba wangu.

"Sawa kaka," alisema. "Mwambie niko njiani."

Akaizima simu, akailaza mapajani. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Akaniomba tukifika nisiseme kwamba ameshajua, kwa sababu kaka hana cha kumpa leo ila huko kumficha.

Chumbageni watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Kaka yake alitoka mlangoni, akamshika mikono yote miwili, akamwambia kwamba mama ametutoka. Mhariri alipokea kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza. Akamkumbatia, akamwacha kaka alie kwanza.